Anayeanza kupamba keki aanze na madoa ya chui, si na waridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni tofauti na ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wako wa familia, kwamba anayejifunza kupamba keki za siku ya kuzaliwa aanze na maua ya waridi, na akishayamudu ndipo ajaribu mapambo mengine. Mimi ni fundi keki hapa Sakina, Arusha, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwapokea nyumbani kwangu akina mama na vijana wanaotaka kujifunza kazi hii. Ushauri huo siukubali. Waridi ni pambo la mtu aliyekwisha kuizoea krimu. Anayeanza anapaswa kuanza na michoro ya ngozi za wanyama, yaani chui, duma na twiga, na baadaye kidogo punda milia.

Sababu yangu ya kwanza ni ya mkono. Waridi linadai kipua maalumu cha chuma, krimu yenye ugumu wa kadiri moja tangu petali ya kwanza hadi ya mwisho, na mkono mmoja wa kuzungusha kijiti ambacho ua hujengwa juu yake huku mwingine ukikamua mfuko bila kusita. Petali moja ikilegea ua zima limeharibika, na hata mtoto wa chekechea ataona kwamba kuna kasoro, kwa sababu kila mtu anajua waridi linavyotakiwa kuwa. Chui hana masharti hayo. Hakuna chui wawili wenye mpangilio mmoja wa madoa, wala twiga wawili wenye mabaka yanayofanana, na katika ukanda wa Tarangire na Manyara watafiti wamekuwa wakimtambua twiga mmojammoja kwa picha za mabaka yake tu, bila kumvisha alama yoyote. Mtu akipamba keki kwa mpangilio wa mabaka ambao haujawahi kuonekana kwa twiga yeyote, hakuna anayeweza kumwambia kwamba amekosea.

Kuna binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne ambaye mama yake alimleta kwangu ajifunze wakati akisubiri matokeo. Alikuwa makini, lakini kila aliposhika mfuko wa krimu mkono ulimtetemeka, na mistari yake yote ikawa na mawimbi. Akaniambia, "Shangazi, mimi kazi hii nadhani haitanifaa, mkono wangu haukai." Nikamjibu, "Mwanangu, umewahi kuona doa la chui lililopigwa rula?" Nikampa pembe ya karatasi, yaani karatasi iliyokunjwa kama koni na kukatwa ncha, yenye krimu nyeusi, nikamwambia azungushe vitao vifupi kuzunguka baka la kahawia, akikatiza kila anapotaka. Mtetemo uleule uliomharibia mistari ulizipa kingo za vitao vyake ukwaru mdogomdogo, na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka mezani aliona manyoya. Siwezi kumfundisha mtu mtetemo wa namna hiyo. Mimi mwenyewe, ambaye mkono wangu umetulia kwa mazoea, hulazimika kuuigiza.

Sababu ya pili ni ya mfuko na ya duka lililo karibu. Wengi wetu hatupambi kwa siagi halisi ya maziwa, ambayo bei yake ni kubwa, bali kwa majarini ya kopo, na majarini ya kopo ni ya njano. Anayetaka waridi jeupe hupambana na unjano huo tangu mwanzo hadi mwisho: huipiga krimu kwa muda mrefu ili ipauke, hutia chembe ya rangi ya zambarau ili kuufifisha unjano, na bado kazi yake hutoka na rangi ya pembe za ndovu. Anayepamba chui huupokea unjano huohuo kwa mikono miwili. Akitia kijiko kidogo cha kakao katika krimu ya njano amekwisha kupata rangi ya mgongo wa chui, bila kununua chupa yoyote ya rangi. Akiongeza kakao katika sehemu nyingine ya krimu hiyo anapata kahawia ya ndani ya doa, na akizidisha kakao hadi krimu iwe ya chokoleti iliyokolea, kisha akaitia rangi nyeusi ya jeli kidogo tu, amepata weusi wa kuzungushia. Kopo moja la kakao limempa rangi tatu zinazoelewana, kwa kuwa zote zimetoka katika mama mmoja.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya chui na twiga ni ya watalii, na kwamba keki za namna hiyo zinafaa hoteli za kule wanakoshukia wageni na si sherehe ya mtoto wa Ngaramtoni au Majengo ya Moshi. Sioni msingi wa maneno hayo. Mtoto wa Arusha anakua akitazama magari ya safari yakipita kila asubuhi kuelekea Makuyuni yakiwa na mapaa ya kufunuka, na kama hajapata bahati ya kupanda moja ya magari hayo, si sababu ya kumnyima mnyama huyo hata juu ya keki. Twiga ni mnyama wa taifa, haruhusiwi kuwindwa, amechorwa kwenye mkia wa ndege za Air Tanzania, na timu yetu ya taifa ya soka ya wanawake imechukua jina lake. Hata wazee wetu wa Kilimanjaro, ambao kwao keki ya sherehe ni ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa na kusimamishwa mezani akiwa na majani mdomoni, hawajawahi kulalamika kwamba mnyama mezani ni mambo ya wageni.

Kero yangu mimi iko kwingine. Fundi wa hapa Arusha, ambaye kutoka nyumbani kwake hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, anapotaka kupamba keki ya chui hufungua simu, hutafuta picha ya keki ya chui, na kuiga ya kwanza inayojitokeza. Keki inatoka na maduara makubwa meusi yenye vitone katikati. Huyo si chui. Huyo ni jagua, mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini, ambaye hajawahi kukanyaga Afrika. Chui wetu ana maduara madogo zaidi, yaliyovunjikavunjika, yenye vipande viwili, vitatu au vinne vyeusi vinavyozunguka kahawia isiyo na kitone chochote ndani yake, na kahawia hiyo imekolea kidogo kuliko rangi ya ngozi iliyo nje ya duara. Tena maduara hayo yako mgongoni na ubavuni tu. Kichwani, miguuni na tumboni madoa ni mango, yaliyojaa. Duma naye ana madoa mango mwili mzima, ya mviringo, na usoni ana mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka kwenye macho hadi mdomoni. Mzazi anayeagiza duma akapewa chui huenda asiseme kitu, lakini mtoto wa miaka saba anayependa wanyama atasema, na atasema mbele ya wageni.

Afadhali basi jagua, ambaye angalau ni jamaa wa chui. Nimeletewa pia blanketi, lile zito lenye manyoya ambalo karibu kila nyumba inalo, nikaambiwa, "Dada, nataka chui kama huyu." Aliyekuwa kwenye blanketi ni chui milia wa Asia, mwenye mistari. Mteja ni mteja, nikampambia mistari yake, ila kwanza nilimweleza.

Kwa twiga kosa ni la aina nyingine, na lina sababu ya kiufundi inayofaa kuelezwa. Keki nyingi za twiga zinazoigwa huonyesha mabaka ya kahawia yenye kingo zilizonyooka, yaliyotenganishwa na mistari myembamba myeupe kama wavu. Twiga wa namna hiyo yupo, ni wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Fundi humpenda kwa kuwa ni rahisi: unaipaka keki nzima rangi ya kahawia, kisha unachora wavu wa krimu nyeupe juu yake, umemaliza. Twiga wetu, anayeitwa twiga wa Kimasai, mabaka yake yana kingo zilizochanikachanika mfano wa majani ya mzabibu, nafasi kati yao ni pana na ina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na mabaka hayo hushuka hadi miguuni. Anayeanza hudhani kwamba kingo hizo ni ngumu kuchora. Si ngumu, kwa sababu hazichorwi kabisa, kama nitakavyoeleza baadaye.

Sasa niseme jinsi kazi inavyofanyika, maana kupinga ushauri wa mwingine bila kuonyesha njia si haki. Kuhusu kuoka sitasema mengi, isipokuwa kwamba mji wa Arusha uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ndani ya keki hutanuka haraka zaidi, hivyo anayefuata kipimo cha kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani hupata keki iliyopanda kwa pupa, ikapasuka, kisha ikabonyea. Apunguze hamira ya unga, yaani baking powder, kwa kiasi cha robo, aongeze maziwa kidogo, na aiache keki ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima, kabla ya kuigusa kwa krimu. Moshi iko chini zaidi, chini ya mita 1,000, na tatizo hilo huko ni dogo. Kule adui ni joto, nami nitarudi kwenye joto.

Krimu ni majarini gramu 250 kwa sukari ya aisingi gramu 500, na maziwa kijiko kimoja au viwili vya chakula. Sukari ichekechwe, kwa sababu donge moja dogo huziba pembe ya karatasi na kuipasua mkononi. Kwa keki ya mduara ya sentimita 20 kiasi hicho kinatosha kupaka kwa wastani na kubakiza cha madoa. Majarini ipigwe peke yake kwanza hadi ilainike na kupauka, ndipo sukari iingie kwa mafungu. Kisha keki hupakwa tabaka jembamba sana, ambalo kazi yake ni kunasa makombo tu, na huachwa mahali pa baridi nusu saa. Mwenye friji atumie friji, asiye nayo, kwa majira ya Juni na Julai hapa Arusha, dirisha lililo wazi na kawa juu ya keki vinatosha. Tabaka la pili ndilo la rangi ya mgongo wa chui. Halihitaji kuwa laini kama kioo. Hii ni faida nyingine ambayo mwandishi wa ukurasa wa familia hakuitaja: madoa hufunika makosa, na mahali ambapo kisu kimeacha alama ndipo panapofaa kuwekwa doa.

Madoa yenyewe yana hatua mbili, na zote mbili hufanywa kwa pembe ya karatasi ya kuokea iliyokunjwa na kukatwa ncha. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ile desturi ya kujaza krimu kwenye rambo na kukata kona imepungua, nami sikuisikitikia, kwa kuwa mifuko ile haikutengenezwa kwa ajili ya chakula. Hatua ya kwanza ni kudondosha mabaka ya kahawia, makubwa kiasi cha punje ya haragwe hadi ukucha wa kidole gumba, yasiyolingana kwa ukubwa wala kwa umbo. Wanafunzi karibu wote huyapanga kwa safu, kama miche ya kitalu, na hapo ndipo ninapowasimamisha. Ningeshauri aanze pembeni, aweke matatu yakiwa karibu, aruke nafasi, aweke moja peke yake, ageuze sahani, aendelee. Hatua ya pili ni ile ya vitao vyeusi: kila baka lizungushwe vipande viwili au vitatu, visifungane, na kimoja kiwe kinene kuliko vingine. Nafasi zilizobaki tupu zitiwe vitone vyeusi vidogo. Vikikauka kidogo juu, baada ya robo saa hivi, kipande cha karatasi ya kuokea huwekwa juu ya madoa na kusuguliwa polepole kwa kiganja, na yale matuta ya krimu hulala yakawa sawa na ngozi. Karatasi ikivutwa kabla ya wakati huondoka na madoa. Ijaribiwe kwanza upande wa nyuma wa keki, ambao hautapigwa picha.

Weusi uchanganywe jioni ya siku iliyotangulia. Rangi ya jeli hukolea kadiri saa zinavyopita, na krimu iliyoonekana ya kijivu usiku huamka ikiwa nyeusi. Asiyejua hilo huongeza rangi, kisha huongeza tena, na matokeo yake ni krimu chungu inayowapa watoto meno meusi katika picha zote za sherehe. Hili nalo ni sababu ya kuanza na chui: anatumia weusi kidogo, kwa vipande vyembamba, kumbe punda milia anakula weusi nusu ya keki.

Kwa twiga namshauri anayeanza atumie fondanti, yaani donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati, hata kama hajawahi kuigusa, kwa kuwa hapa fondanti haitumiki kufunika keki nzima, kazi ambayo kweli ni ngumu, bali kwa vipande vidogo tu. Fondanti hukandwa na kakao hadi iwe ya kahawia, husukumwa hadi iwe nyembamba juu ya meza iliyonyunyiziwa wanga wa mahindi, kisha huchanwa kwa vidole. Haikatwi kwa kisu. Ikichanwa, kingo zake hutoka na meno na mikunjo ambayo hakuna kisu kinachoweza kuitoa, na hayo ndiyo majani ya mzabibu niliyoyataja. Vipande hubandikwa juu ya krimu ya rangi ya maziwa ya chai, vikubwa katikati ya ubavu wa keki na vidogo kuelekea chini, vikiachiana nafasi ya upana wa kalamu ya risasi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kufanya kazi hii. Wangu anaifanya, akilipwa kwa mabaki.

Anayetaka kufunika keki kwa fondanti yenye madoa ndani yake, aweke vipande vidogo vya rangi nyingine juu ya fondanti iliyosukumwa nusu, kisha aendelee kuisukuma hadi vipande vizame. Akumbuke tu kwamba doa hukua kila mti wa chapati unapopita juu yake, na hurefuka kuelekea upande anaosukumia. Aanze na madoa madogo kuliko anayoyataka, naye abadilishe upande mara kwa mara.

Punda milia nimemweka mwisho kwa makusudi. Anadai weupe, ambao majarini yetu haitaki kuutoa, na anadai mistari, ingawa si mistari iliyonyooka. Kosa la kawaida ni kuchora mistari ya upana mmoja kutoka juu hadi chini, na keki ikaonekana kama jezi ya Juventus. Mistari ya punda milia wa mbuga zetu huanza minene na kuishia na ncha; mingine hugawanyika mahali fulani ikawa panda; ubavuni hushuka, na kwenye makalio huinama na kulala. Juu ya keki, mstari mmoja uanzie ukingo wa juu ukiwa mnene na upungue kuelekea chini kwa kulegeza mkono polepole, na unaofuata uanzie chini na kupungua kuelekea juu, hivyo ipishane. Mazoezi yafanyike juu ya sinia lililogeuzwa, na krimu ikwanguliwe irudi bakulini. Mwenye haraka anaweza kuihamisha milia ndani ya keki: mchanganyiko mmoja wa vanila, mwingine wa kakao, wote uwe mwepesi, yaani uliotengenezwa kwa mafuta ya maji badala ya majarini, na humiminwa kijiko kwa kijiko katikati ya chombo, mmoja juu ya mwingine, bila kukoroga wala kutikisa. Mchanganyiko hujitanua wenyewe, na milia huonekana siku ya kukata.

Wateja wataomba simba. Waambiwe kwa upole kwamba simba mkubwa hana mchoro wa ngozi. Simba ni uso na manyoya ya shingoni, na uso ni kazi ya baadaye. Fisi ana madoa mazuri sana, ila sijapata mzazi aliyemwagiza.

Nilisema nitarudi kwenye joto. Fundi wa Moshi anayefanya kazi Januari au Februari ajue kwamba kiganja chake ni jiko: mfuko uliojaa hulainika mkononi kabla nusu ya madoa haijawekwa, na vitao hugeuka madimbwi. Ajaze pembe ndogondogo, kiasi cha vijiko viwili kila moja, nyingine zikisubiri kwenye baridi. Anaweza pia kubadilisha theluthi ya majarini kwa mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu, ambayo huvumilia joto zaidi; ladha hupungua kidogo, lakini keki hufika ikiwa na madoa yake. Keki yenye fondanti isitolewe kwenye friji na kupelekwa moja kwa moja kwenye hewa ya joto, kwa maana itatoka jasho, na mabaka ya twiga yatateleza. Na tafadhali, isafiri kwa bajaji, sakafuni, si kwa bodaboda.

Jambo la mwisho ni la usalama, nalo halimhusu anayeanza peke yake. Baadhi ya maduka yanauza unga wa kumetameta na rangi za dhahabu za kupulizia, na muuzaji hukuambia kwamba hazina sumu. Jibu hilo halitoshi kwa kitu kitakachoingia tumboni mwa mtoto. Kitafutwe kile ambacho lebo yake inaeleza kwamba ni cha kuliwa na kinaorodhesha viambato vyake, na kama lebo imebanduliwa, kiachwe dukani. Vivyo hivyo kwa picha za ngozi ya chui zilizochapishwa kwenye karatasi ya kulika, ambazo sasa zimekuwa njia ya mkato ya wengi: ni halali kama mashine na wino wake ni vya chakula tu tangu mwanzo, na fundi ana haki ya kuomba aonyeshwe mashine hiyo. Vinyago vya plastiki vinavyosimamishwa juu ya keki vioshwe, vikaushwe, na viwekwe juu ya kipande cha karatasi ya kuokea, kwa kuwa rangi zake hazikukusudiwa kugusana na sukari na mafuta.

Ndugu Mhariri, gazeti lako lina wapiga picha wanaopanda Ngorongoro na Serengeti kila zinapotokea habari za wageni mashuhuri. Ombi langu ni kwamba siku moja watuletee, badala ya picha ya mnyama mzima akiwa mbali chini ya mgunga, picha ya ubavu tu: ubavu wa twiga wa Kimasai, mgongo wa chui, paja la punda milia, kila mmoja kwa rangi na kwa ukubwa wa nusu ukurasa, katika ukurasa huohuo wa familia. Tutazikata, tutazifunika kwa karatasi ya nailoni zisilowe mafuta, na tutazibandika ukutani juu ya meza zetu za kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi keki,
Sakina, Arusha.